Mlinzi wa Nyumbani Asiyepiga Kelele

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya kawaida kabisa na kukuta, juu ya kabati la vyombo au kando ya televisheni, kisanduku kidogo chenye taa zinazowakawaka. Hiyo ni ruta. Nyumba nyingine imeunganishwa kwa waya wa faiba, nyingine ruta yake hutumia laini kama ile ya simu. Kwa kupitia kisanduku hicho simu za wazazi, kompyuta mpakato ya kijana aliye chuoni, televisheni na hata kamera ya getini vyote huingia kwenye intaneti. Mara nyingi baba ndiye aliyelipia, fundi akaja akaifunga, akanywa soda yake akaondoka. Anayebaki nayo nyumbani ni mama.

Na mambo ya mama yamo humo. Hesabu za kikoba, orodha ya michango ya harusi, picha za mjukuu aliyezaliwa juzi, vyeti vilivyopigwa picha kwa ajili ya maombi ya shule, namba za akaunti ya benki. Ndiyo maana baadhi ya akina mama wenzangu kanisani wamekuwa wakiniuliza baada ya ibada: Je, tununue programu ya ulinzi? Ipi? Na je, ipo isiyosumbua? Swali hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu ulinzi unaosumbua watu wa nyumbani haumalizi mwezi kabla mtu hajauzima.

Fayawoli hufanya nini?

Ulinzi tunaouzungumzia mafundi huuita fayawoli. Wapo wanaosema ukuta wa moto, lakini jina hilo huwafanya watu wafikirie makubwa kuliko kazi yenyewe. Kazi yake ni ya mlinzi wa geti. Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti kina milango iliyopewa namba, zaidi ya 65,000 kwa jumla, na programu mbalimbali husikiliza kwenye milango hiyo. Fayawoli husimama mbele yake. Ukimtuma mtoto dukani, akirudi na sukari unamfungulia, maana ulimtuma wewe. Mtu usiyemwita akigonga usiku wa manane, hafunguliwi. Hivyo ndivyo ilivyo: ukifungua tovuti ya habari, majibu ya tovuti hiyo huruhusiwa kuingia kwa kuwa ombi lilitoka ndani. Kinachokuja kutoka nje bila kuitwa huachwa nje.

Msomaji anaweza kuuliza, nani atahangaika kugonga mlango wangu mimi nisiye na kitu? Jibu ni kwamba anayegonga si mtu. Ni programu inayogonga kila nyumba ya dunia hii kwa zamu, haijui wala haijali aliyemo. Mwezi Agosti 2003 programu ya namna hiyo iliyoitwa Blaster iliingia katika kompyuta nyingi sana za Windows bila wenyewe kubonyeza chochote. Ilitosha kompyuta iwe imewashwa na imeunganishwa kwenye intaneti. Cha kusikitisha ni kwamba Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na fayawoli yake ndani, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Mlinzi alikuwapo, amelala. Ni mwaka 2004 ndipo Microsoft ilipotoa marekebisho ya kuiwasha yenyewe.

Sisi wauguzi tunakumbuka zaidi Mei 2017. Programu iliyoitwa WannaCry iliyafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fedha ili yafunguliwe. Ilipita kwenye mlango ambao kompyuta za Windows huutumia kugawana mafaili. Huko Uingereza, katika hospitali za serikali za England, mashirika yasiyopungua 80 kati ya 236 yaliathirika, na miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kufikia 19,000. Fikiria mama aliyengoja miezi kwa ajili ya upasuaji, akaambiwa rudi nyumbani, kompyuta hazifunguki. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya huko walipochunguza walieleza kwamba hospitali zingeweza kujikinga, ikiwa ni pamoja na kuzisimamia vizuri fayawoli zilizoelekea nje. Tena marekebisho ya Microsoft ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo huo. Dawa ilikuwa kabatini.

Kwa nini awe mkimya?

Sasa tuje kwenye kelele. Miaka ya 2000 mwanzoni zilienea programu za fayawoli za kuweka kwenye kompyuta, mojawapo ikiitwa ZoneAlarm, ambazo ziliuliza karibu kila jambo: programu fulani inataka kutoka, je, unaruhusu? Mtu asiye fundi atajuaje? Ataruhusu. Ataruhusu tena. Mara ya kumi hasomi, anabonyeza tu ili arudi kwenye barua yake. Windows Vista ya mwaka 2007 nayo ililalamikiwa sana kwa kuomba ruhusa kila mara, ingawa maswali yake hayakuwa ya fayawoli, na Windows 7 iliyofuata mwaka 2009 ikapunguza maswali hayo.

Jambo hili halikuwa geni kwetu wa hospitalini. Katika wodi ya wagonjwa mahututi kila kitanda kina mashine zinazolia. Inalia kwa sababu mgonjwa amegeuka, inalia kwa sababu waya umelegea, inalia kwa sababu dripu inakaribia kuisha. Baada ya saa kadhaa sikio la mwanadamu huacha kusikia, na hapo ndipo inapolia ile ya kweli. Nchini Marekani taasisi iitwayo Joint Commission, ambayo huthibitisha ubora wa hospitali, ilitoa onyo rasmi juu ya uchovu huo wa kengele mwaka 2013. Katika taarifa ilizopokea kati ya Januari 2009 na Juni 2012, yalikuwapo matukio 98 yanayohusu kengele za mashine, na 80 kati ya hayo yaliishia kwa kifo. Si lazima mashine iwe imeharibika. Inatosha ilie kupita kiasi.

Kwa hiyo, mama, unapochagua mlinzi wa nyumba yako usivutiwe na yule anayekuletea taarifa kila baada ya dakika tano kwamba amezuia hatari 40. Anajitangaza, pengine ili ulipie mwaka mwingine. Mlinzi mzuri wa usiku hakugongei dirisha la chumbani kila saa kukuambia kwamba hakuna mwizi.

Anza na ulichonacho

Habari njema ni kwamba nyumba nyingi hazihitaji kununua kitu. Ruta nyingi za nyumbani zina fayawoli ndani yake, na Windows nayo ina ya kwake. Zote mbili ni kimya. Kazi ya mama ni kuhakikisha zimewashwa na hazikuachwa na funguo mlangoni.

Geuza ruta uangalie chini yake. Kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na neno la siri la msimamizi. Ukiwa umeunganishwa kwenye waifai ya nyumbani, andika namba hiyo mahali unapoandika anwani za tovuti, na ukurasa wa ruta utafunguka. Usiogope, kusoma hakuharibu kitu. Tafuta sehemu ya usalama uone kama fayawoli imewashwa. Ikiwa imezimwa, iwashe.

Kisha badilisha neno la siri la msimamizi. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu maneno ya siri ni mawili na watu huyachanganya. Lipo la waifai, lile ambalo kila mgeni huliomba hata kabla hajaketi, na lipo la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. La pili ndilo hubaki kama lilivyotoka kiwandani, na katika ruta nyingi, hasa za zamani, ni neno moja kwa maelfu ya ruta za aina hiyo. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Kwa orodha fupi hiyo ilijipatia jeshi kubwa la kamera na ruta za majumbani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likatumika kuiangusha kampuni ya Dyn iliyokuwa ikihudumia tovuti kubwa, kiasi kwamba Twitter na nyinginezo hazikufunguka kwa saa nyingi katika sehemu za Marekani. Wenye kamera hawakujua. Kamera ziliendelea kuonyesha geti kama kawaida.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo, angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka mbali, yaani mtu akiwa nje ya nyumba yako. Izime, isipokuwa kampuni inayokuletea intaneti imekueleza kwamba inaihitaji. La pili limeandikwa UPnP. Hilo huruhusu kifaa kilichomo ndani kujifungulia mlango wa nje bila kumwuliza mtu. Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta hulipenda. Mimi ningelizima, nikaona kama kuna kitu kitagoma; kikigoma mtajua ni nani wa kuzungumza naye.

Ikiwa ruta inaweza kujisasisha yenyewe, iruhusu. Na ukinunua ya mtumba, irudishe kwanza kwenye hali yake ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa kijiti, maana hujui aliyekuwa nayo aliweka nini.

Kwenye kompyuta

Kwa Windows, andika neno firewall kwenye kisanduku cha kutafutia, nawe utafunguliwa ukurasa unaoonyesha alama ya kijani ikiwa mambo ni sawa. Kompyuta za Apple nazo zina fayawoli, lakini kwa kawaida huja imezimwa, hivyo iwashe. Ukiiunganisha kompyuta ya Windows kwenye waifai mpya, chagua mtandao wa umma kama uko hotelini, kwenye semina au hospitalini, na mtandao binafsi ukiwa nyumbani tu. Chaguo hilo moja hubadilisha jinsi mlinzi anavyowatazama majirani.

Mara chache sana fayawoli ya Windows itakuuliza kuhusu programu mpya. Ikiwa hukuiweka wewe na huijui, kataa. Kukataa hakuharibu kompyuta. Kama programu ilikuwa ya haki utaona kitu hakifanyi kazi, nawe utarudi kuruhusu.

Jihadhari na ushauri mmoja ambao nimeusikia ukitolewa mara nyingi mno: printa haikubali, basi zima fayawoli. Ni kweli printa itakubali. Hata ukiung'oa mlango wa nyumba kochi jipya litapita. Mara nyingi tatizo ni kwamba kompyuta inaidhania waifai ya nyumbani kuwa ya umma. Ibadilishe iwe binafsi, au iruhusu programu ya printa peke yake. Fundi akishamaliza kazi, angalia mwenyewe kama ile alama ya kijani bado ipo. Vilevile programu za wizi zinazogawanywa kwenye flashi mara nyingi huja na maelekezo kwamba uzime ulinzi kwanza ndipo uziweke. Mtu anayekutaka umtoe mlinzi kabla hajaingia ana sababu zake.

Kama kompyuta yenu bado inatumia Windows 10, jueni kwamba msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fayawoli yake itaendelea kufanya kazi, lakini matundu mapya hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Zungumza na baba watoto mapema, maana ni jambo la bajeti.

Chujio la watoto

Mama wengi wakisema fayawoli, moyoni wanawaza picha chafu ambazo mtoto anaweza kukutana nazo. Fayawoli ya kawaida haizuii hizo, kwa kuwa mtoto ameziita kutoka ndani. Kuna dawa nyingine rahisi, nayo pia ni kimya.

Kila unapoandika jina la tovuti, kifaa chako huuliza kitabu fulani cha mbali kinachotunza namba za tovuti zote. Wapo wanaotoa vitabu vya namna hiyo bure ambavyo vimeondolewa tovuti chafu na tovuti za hila. Kampuni ya Cloudflare ilianzisha chake cha familia mwaka 2020. Namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3. OpenDNS nao wana cha kwao kiitwacho FamilyShield, namba 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Namba hizo huwekwa kwenye ruta, mahali palipoandikwa DNS, na kutoka hapo kila kifaa cha nyumbani kinachofuata maelekezo ya ruta huchujiwa bila kuwekewa programu yoyote. Kama ruta yenu hairuhusu kubadilisha, simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha, ambamo unaweza kuandika family.cloudflare-dns.com. Simu ikiwekwa hivyo huchujwa hata inapotumia bando.

Usitarajie makuu kupita kiasi. Kijana wa kidato cha tatu akitaka kulikwepa chujio, atalikwepa. Atanunua bando, au atatumia simu ya rafiki. Lakini mtoto wa miaka minane aliyekuwa akitafuta katuni na akaandika neno vibaya, huyo atakuwa amekingwa, na huyo ndiye ninayemwaza zaidi.

Mkimya, lakini si wa siri

Hapa ningependa kutofautiana na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaotafuta mlinzi asiyeonekana kwa maana nyingine: awe anawaandikia kila anachofungua mume, au kila ujumbe anaotuma binti. Hiyo si fayawoli. Ni upelelezi, hata ukifanywa na mama anayefunga na kusali. Nimeona nyumbani mwa watu jambo kama hilo likigunduliwa, na maneno yaliyofuata hayakuhusu tena kilichofunguliwa, yalihusu aliyechungulia. Chujio liwekwe baba akijua, na watoto waambiwe lipo na kwa nini lipo. Binti akijua kwamba tovuti aliyoihitaji kwa somo la biolojia imezuiwa na chujio, atakuja kusema, nanyi mtafungua pamoja. Asipojua, atadhani intaneti imeharibika, au atajifunza kunyamaza.

Kuhusu wageni na watoto wa jirani, ruta nyingi zina uwezo wa kutengeneza waifai ya pili, ya wageni. Mpwa aliyekuja likizo au wanakwaya waliokuja kufanya mazoezi watapata intaneti bila kuifikia kompyuta yenye hesabu za kikundi. Weka humo pia televisheni na kamera, maana vifaa hivyo hukaa miaka bila kusasishwa. Kumnyima jirani ni vigumu kwa desturi zetu, na kwa njia hii hulazimiki.

Ambayo hatayazuia

Ujumbe wa simu usemao ile hela itume kwenye namba hii hauzuiwi na fayawoli. Wala sauti ya mtu anayejifanya wakala na kuomba namba yako ya siri. Wala ukurasa unaojitokeza ghafla ukisema kompyuta yako ina virusi 5, piga namba hii au lipia hapa. Huo ufunge tu. Nehemia alipoumaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52 hakuona kuwa ukuta umetosha. Aliagiza malango yasifunguliwe mapema, mpaka jua liwe limepanda, na walinzi watoke miongoni mwa wenyeji, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe.

Kuhusu kununua: ofisi ya kanisa yenye kompyuta kumi na kumbukumbu za waumini inaweza kuwa na sababu ya kumlipa mtaalamu aweke fayawoli ya pekee. Nyumba yenye simu nne na kompyuta mbili, sioni. Fedha hizo zinunue flashi au diski ya nje ya kuhifadhia nakala za picha na hesabu, ikae kabatini bila kuchomekwa, kwa sababu walioangukiwa na WannaCry wakiwa na nakala hawakuwa na haja ya kumlipa mtu.

Neno jipya la siri la ruta liandike kwenye daftari linalokaa na vyeti vya kuzaliwa, si kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani sebuleni. Baba naye ajue daftari lilipo. Shule zinapofunga Juni na Desemba, kabla watoto wa bweni hawajarudi na simu zao, fungua ukurasa wa ruta kwa dakika kumi uone kama fayawoli bado imewashwa, kama kuna sasisho jipya, na kama kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa kuna jina usilolijua.